Maswali ya wasomaji: mbona kijijini "kız" inakuwa "gız"?

Barua za safari hii zimetoka Iringa, Tukuyu, Mufindi, Njombe na Mbeya mjini. Walioziandika wanajifunza Kituruki, wengi kwa ajili ya masomo, na wote wamekutana na jambo moja: kitabu kinasema hivi, mwenyeji wa kijijini anasema vile. Msimamo wetu tuutangulize. Mwenyeji huyo hakosei. Anafuata kanuni za matamshi, na kanuni hizo ni chache kiasi kwamba ukizishika unaweza kulitoa neno kitabuni, ukalipeleka kijijini na kulirudisha.

Shikamooni wahariri. Nimejifunza Kituruki kwa kitabu na rekodi za Istanbul. Sasa naongea kwa simu na mwenzangu aliyekulia kijijini karibu na Konya. "Kız" (msichana) yeye anasema "gız", "koyun" (kondoo) anasema "goyun", "taş" (jiwe) anasema "daş". Nimsahihishe au nimuige? (Msomaji, Iringa)

Marahaba. Usimsahihishe. Sauti k, t na p si ghuna. Wenzao g, d na b ni ghuna, yaani nyuzi za sauti zinatetemeka. Weka kidole kooni useme "kara" kisha "gara", utausikia mtetemo unavyowahi kuanza. Katika sehemu kubwa ya vijiji vya Anatolia (sehemu ya Uturuki iliyo Asia), sauti hizo zikiwa mwanzoni mwa neno hughunishwa: kara inakuwa gara (-eusi), kuzu inakuwa guzu (mwanakondoo), tuz inakuwa duz (chumvi), tavuk inakuwa davuk (kuku), tutmak inakuwa dutmak (kushika), parmak inakuwa barmak (kidole).

Hili si jambo la jana. Maandishi ya Kituruki cha kale kwenye mawe ya Orhun, huko Mongolia, ya karne ya 8 yana kel- (kuja), köz (jicho) na tört (nne). Istanbul ya leo inasema gel-, göz na dört. Kumbe Istanbul nayo ilighunisha, ila k iliigusa hasa mbele ya irabu za mbele (e, i, ö, ü), na t iliibadilisha katika baadhi ya maneno tu. Vijiji viliendelea na safari ileile hadi kwenye irabu za nyuma (a, ı, o, u). Ndiyo maana Kiazabaijani, ndugu wa karibu wa Kituruki, kinaandika daş na duz hata kwenye vitabu vya shule.

Kwa matumizi yako, fanya hivi. Ukisikia neno geni linaloanza na g, tazama irabu inayofuata. Ikiwa a, ı, o au u, anza kulitafuta kwenye kamusi chini ya k. Ikiwa e, i, ö au ü, anza na g yenyewe. Kwa d tafuta kwanza d, kisha t. Kwa b tafuta b, kisha p. Wengi hukwama pale wanapogeuza kila g kuwa k: wanatafuta "kelmek" wakati neno ni gelmek, au "kazete" wakati gazete ni neno la kuazima lenye g tangu mwanzo.

Mara nyingine utasikia sauti ambayo si k wala g. Usidhani sikio limekudanganya; ipo sauti ya katikati, isiyo na mtetemo kamili wala mfyatuko mkali wa pumzi. Watafiti wa lahaja huko Uturuki huiandika kwa herufi kubwa, K, T au P, hata katikati ya sentensi.

Nafundisha sekondari na Kinyakyusa ndiyo lugha yangu ya nyumbani, yenye irabu saba. Nasikia Kituruki kina nane. Je, lahaja za vijijini zina zaidi? Na nimfundisheje kijana wa Kiswahili ö, ü na ı? (Mwalimu, Tukuyu)

Mwalimu, tuanze na matamshi, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa mapema.

Kwa ü, mwanafunzi aseme "i" ndefu bila kukata pumzi, ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno ya chini. Ulimi ubaki hapohapo. Midomo tu iviringwe kama ya "u". Kwa ö, hatua ni zilezile ila aanze na "e". Kwa ı, aanze na "u", kisha atandaze midomo kama anayetabasamu, ulimi ubaki nyuma. Kosa la kawaida ni ulimi kufuata midomo. Midomo ikiviringwa, ulimi unarudi nyuma, na ü inageuka "u" au "yu". Midomo ikitandazwa, ulimi unakimbilia mbele, na ı inageuka "i". Kioo kinaonyesha midomo tu, kwa hiyo kwa ü na ö mwambie asikilizie ncha ya ulimi: ikiachana na meno ya chini, arudie.

Mpime kwa jozi: kul (mtumwa) na kül (jivu), kıl (unywele) na kil (udongo wa mfinyanzi), on (kumi) na ön (mbele), ol (kuwa) na öl (kufa). Jozi hiyo ya mwisho aishike vizuri kabla ya kumtakia mtu jambo lolote.

Tahadhari moja inawahusu Wanyakyusa. Vitabu vya Kinyakyusa vinatumia ɨ kwa irabu iliyo kati ya i na e. Herufi ya Kituruki ı isiyo na kitone haihusiani nayo kabisa. Hiyo ni irabu ya nyuma, ya juu, isiyoviringwa midomo.

Lakini ɨ yenu ina kazi nyingine, na hapa ndipo penye jibu la swali lako. Ndiyo, zipo lahaja zenye irabu ya tisa. Mashariki mwa Anatolia hasa, kuna e ya kubana iliyo kati ya e na i, ambayo watafiti huiandika ė: vėrmek (kutoa), dėmek (kusema), gėce (usiku). Istanbul imeiunganisha na e ya kawaida. Vijiji vingine vimeipandisha hadi i kamili, ndipo unasikia vir, gice na yimek (kula). Mnyakyusa aliyezoea kutofautisha ngazi tatu, i, ɨ na e, ataisikia ė mapema kuliko mwenzake aliyekulia kwenye irabu tano.

Tangamano la irabu sasa. Kiswahili tunalo, ingawa hatulitaji: piga, pigia, lakini soma, somea. Shina lenye e au o linavuta -e-, mengine yanavuta -i-. Hata hapo mnyambuliko wa kutendua una tabia yake: choma inatoa chomoa, lakini tega inatoa tegua, si "tegoa". Kituruki kinafanya jambo la aina hiyo kwa kiambishi karibu kila kimoja, ila kipimo chake ni ulimi kuwa mbele au nyuma, na kwa viambishi vingine midomo pia. Wingi una sura mbili: evler (nyumba), kitaplar (vitabu). "-angu" ina sura nne: evim (nyumba yangu), kızım (binti yangu), gözüm (jicho langu), kolum (mkono wangu).

Vijijini tangamano hili mara nyingi ni kali kuliko la Istanbul. Istanbul inasema elma (tufaha), kardeş (ndugu) na inanmak (kuamini), maneno yanayochanganya irabu za mbele na za nyuma. Vijiji vingi vinasema alma, gardaş na ınanmak. Mawili ya kwanza ni umbo la zamani lililohifadhiwa: kardeş imetokana na karındaş, na ni Istanbul iliyovunja mpangilio. Neno la Kiarabu mezar (kaburi), ambalo kitabuni limebaki na irabu zake mbili tofauti, wapo wanaolisawazisha kuwa mezer. Msomi anayesema mkulima "anaharibu lugha" angeanza kwanza na elma.

Bibi mmoja wa Kituruki anasema "deniz" (bahari) kwa sauti kama ng' ya "ng'ombe". Nimesikia sawa? (Msomaji, Njombe)

Umesikia sawa kabisa. Sauti hiyo huandikwa ñ katika tafiti: deñiz, soñra (baadaye), yeñi (-pya), baña (kwangu), saña (kwako), geldiñ (ulikuja). Inasikika sana vijijini magharibi na katikati ya Anatolia. Kituruki cha kale kilikuwa nayo, na katika maandishi ya herufi za Kiarabu ya zama za Wathmani iliandikwa kwa kef, herufi iliyobeba pia k na g. Alfabeti mpya ya mwaka 1928 yenye herufi 29 ilifuata matamshi ya Istanbul, ambako ñ ilikwishakuwa n, kwa hiyo haikupewa herufi.

Wenye ñ wanatofautisha maneno ambayo kitabuni yanafanana. Gelin ni bibi harusi. Geliñ ni "njooni". Bin ni "panda" (farasi au gari). Biñ ni elfu moja. Istanbul inategemea muktadha, kijiji kinategemea sikio.

Sisi tunayo sauti yenyewe, tatizo ni mahali pake. Kiswahili kinaipenda mwanzoni mwa neno: ng'oa, ng'ara, ng'ombe. Kituruki hakiiweki mwanzoni kamwe. Inakaa katikati na mwishoni. Mswahili akifika mwisho wa geldiñ anatamani kuongeza irabu, au anatia g na kusema "geldingi". Zoezi: sema "ang'a", rudia ukichelewa kwenye ng', kisha acha kusema a ya mwisho huku mdomo ukibaki wazi. Ukisikia mgongo wa ulimi ukiachana na kaakaa kwa kishindo, umetia g. Anza upya.

Nafanya kazi ya chai hapa Mufindi na hutazama video za wakulima wa chai wa Rize. Kituruki chao sikielewi hata kidogo: "celdi", "oldi", "çedi". Ni lugha nyingine? (Msomaji, Mufindi)

Ni Kituruki, na umechagua lahaja ngumu kuliko zote tulizoulizwa. Mtafiti Leyla Karahan mwaka 1996 aligawa lahaja za Anatolia katika makundi matatu: mashariki, kaskazini mashariki na magharibi. Kundi la magharibi ni kubwa mno, Konya ikiwemo. La kaskazini mashariki ni dogo, nalo ndilo la pwani ya Rize na Trabzon. Rize, kama Mufindi, ni nchi ya chai na mvua, na video za chai kwa kawaida hutoka huko, kwa hiyo masikio yako yameanzia mlimani.

Kanuni mbili zitakufungulia sehemu kubwa. Ya kwanza: k na g mbele ya e, i, ö, ü zinakuwa ç (ch yetu) na c (j yetu). Geldi (alikuja) ni celdi, kedi (paka) ni çedi, gün (siku) ni cün. Hata Istanbul, k ya kedi hutamkwa mbele kwenye kaakaa gumu, karibu na "kyedi", ikifanana na ky iliyomo katika jina Kinyakyusa. Ulimi ukisogea kidogo zaidi, unapata ch. Kiswahili kimepita njia ya jirani: ki- mbele ya irabu imetupa chakula, chombo na chumba.

Kanuni ya pili: irabu ya juu mwishoni mwa neno huelekea kuwa i, bila kujali tangamano. Oldu (ilikuwa) ni oldi, uçtu (iliruka) ni uçti, kapı (mlango) ni kapi. Yaani kiambishi ambacho Istanbul kina sura nne, -dı, -di, -du, -dü, hapa kinabaki na moja. Watafiti wanahusisha hali hii na majirani wa muda mrefu wa pwani hiyo, hasa Kigiriki cha Ponto.

Unapotazama video, sikiliza kwanza vitenzi vya wakati uliopita vya "yeye", kwa sababu hivyo vitaishia na -di au -ti. Andika unachosikia, rudisha c kuwa g na ç kuwa k pale tu inapofuatwa na irabu ya mbele, halafu fungua kamusi. Usirudishe kila ç: çay yenyewe ni çay kote.

"Köprü" (daraja) nimeisikia "körpü", na jina Recep nimelisikia "İrecep". Je, wanageuza herufi kiholela? (Msomaji, Njombe)

Hapana. Kwenye körpü konsonanti mbili zimebadilishana nafasi: toprak inakuwa torpak (udongo), yaprak inakuwa yarpak (jani), kibrit inakuwa kirbit (kiberiti), çömlek inakuwa çölmek (chungu), ekşi inakuwa eşki (-chachu). Tazama mpaka wa silabi. Köp-rü inafunga silabi ya kwanza kwa p, kipasuo kinachoziba pumzi, kisha inafungua ya pili kwa r laini. Kör-pü inafunga kwa r inayotiririka na kufungua kwa p yenye nguvu. Mdomo unapendelea silabi ifungwe kwa sauti laini na ianze kwa sauti ngumu, na mifano ya r na l hapo juu yote inakwenda upande huo. Kwa Kiazabaijani, körpü na torpaq ndiyo maandishi rasmi.

İrecep ni jambo jingine. Kituruki cha asili hakikuwa na maneno yanayoanza na r wala l, na vijiji vingi vinaweka irabu mbele: Iramazan, Urus (Mrusi), ilazım (lazima). Irabu inayowekwa kwa kawaida inatii tangamano (ilazım haikutii): Rus ina u, ikapata u, Ramazan ina a, ikapata ı, Recep ina e, ikapata i. Konsonanti mbili mwanzoni nazo hutenganishwa: tiren, kıral (mfalme), kama sisi tulivyopata kilabu na burashi.

Nataka kurekodi wazungumzaji wawili wa Kituruki na kuthibitisha kama wanasema k au g. Nina simu na kompyuta tu. (Mwanafunzi, Mbeya)

Vinatosha, ukiepuka kosa moja kubwa: usiwape orodha iliyoandikwa. Mtu akisoma anavaa matamshi ya shule, na gız yake inarudi kuwa kız mbele yako. Onyesha picha au kitu chenyewe, jiwe, chumvi, kondoo, kidole, uulize "Bu ne?" (hiki nini?). Kila neno lipate mara tatu, kwa mpangilio tofauti kila mzunguko. Kisha mwombe kila mmoja asimulie jambo la kijijini kwake kwa dakika kumi; hapo ndipo lahaja inatoka bila kujibana. Andika alikozaliwa, umri, na miaka aliyoishi nje ya kijiji. Aliyekaa Istanbul muda mrefu hubadilisha matamshi kulingana na anayeongea naye.

Tumia programu ya kurekodi inayotoa faili la WAV, hezi 44,100, biti 16, chaneli moja. Hilo linakula kama megabaiti 5.3 kwa dakika, kwa hiyo nusu saa ni karibu megabaiti 160. Futa nafasi kwenye simu kabla. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp usiutumie kwa uchambuzi, maana sauti hubanwa na sehemu zake hupotea. Weka simu sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya p na k isipige maikrofoni. Na msirekodi chini ya bati siku ya mvua. Kelele yake inafunika kila kitu.

Kwenye kompyuta, pakua Praat, programu ya bure iliyotengenezwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink. Fungua neno moja, vuta karibu pale k au g inapoachiliwa. Kwa g ya kweli utaona mawimbi madogo ya kujirudia kabla ya mfyatuko, na utepe mweusi chini kabisa ya spektrogramu (picha inayoonyesha masafa ya sauti). Kwa k ya Istanbul kuna ukimya, mfyatuko, kisha pumzi kabla irabu haijaanza. Ukikuta ukimya kabla na pumzi kidogo sana baada, umepata ile sauti ya katikati tuliyoitaja kwenye barua ya Iringa, iandike K.

Ukitaka kupima irabu, weka kikomo cha formanti (masafa yanayovuma zaidi ndani ya irabu) hezi 5,000 kwa mwanaume mtu mzima na 5,500 kwa mwanamke, formanti tano. Kikiwa cha juu mno kwa sauti nzito, programu inaruka formanti na u inaweza kuonekana kama ü. Pima katikati ya irabu, si ukingoni. Tofauti ya u na ü iko kwenye formanti ya pili: ya ü iko juu sana kuliko ya u ya mtu yuleyule. Linganisha mtu na nafsi yake kwanza. Namba za mwanaume na mwanamke usizichanganye kwenye wastani mmoja.

Majibu mafupi

*"Geliyorum" (ninakuja) mbona nasikia "geliyom"?* Kuna kumeza sauti: -yorum imefupishwa kuwa -yom, -yorsun kuwa -yon, -yor kuwa -yo. Mijini pia husikika. Muğla utasikia hata "napıp durun?", yaani unafanya nini. Kars na Iğdır ni gelirem.

*"Onlar" na "onnar"?* L imefuata n iliyoitangulia. Hivyo hivyo anlamak (kuelewa) inakuwa annamak, dinlemek (kusikiliza) inakuwa dinnemek.

*"Yok" (hakuna) kuwa "yoh"?* Erzurum na Kars, k baada ya irabu ya nyuma hulegea kuwa kh, ile ya "kheri" kwa matamshi ya Kiarabu: çok (sana) inakuwa çoh, okumak (kusoma) inakuwa ohumak.

*Wa Thrace (sehemu ya Uturuki iliyo Ulaya) wanasema "Asan" badala ya Hasan?* Ndiyo, h ya mwanzo huanguka huko. Hasta (mgonjwa) ni asta.

*ğ inatamkwaje?* Istanbul haitamkwi. Inarefusha irabu iliyotangulia, dağ (mlima) ikasikika "daa". Vijiji vingi vya mashariki bado vinaitamka kama gh ya "ghali", kwa hiyo huko mlima ni "dagh".